Bunduki ya kale si sufuria, acheni kuisugua

Haya wandugu, nimerudi. Mtaniwia radhi kwa ukimya, ripoti za wokshopu zilinikaba koo. Leo siandiki habari za foleni ya mlo wala za maji kukatika bwenini. Leo nina ugomvi, tena na watu ambao hata hawanijui: wale wenye hela wa Marekani na Uingereza wanaokusanya bunduki za kale za risasi moja, halafu wanazipeleka kwa fundi zikasuguliwe mpaka ziwake kama sufuria za bibi harusi.

Wenzangu chumbani washacheka mpaka basi. "Wewe hata gobore hujawahi kulishika, bunduki za Wamarekani za miaka ya 1870 zinakuhusu nini?" Mmoja anasoma sheria, huyo ndiyo kabisa, kanishauri nikusanye kwanza ada ndiyo nikusanye bunduki za watu kichwani. Chekeni tu. Mimi nasoma uhandisi wa mitambo, na nawaambia hakuna kitini nilichowahi kutoa fotokopi kilichonifundisha mambo ya mtambo kama michoro ya hataza za zile bunduki. Iko wazi kwenye mtandao, bure kabisa, na nimeisoma mingi kuliko ninavyotaka mwalimu wangu wa hesabu ajue.

Kwanza tuelewane, maana kuna wengine hapa mnasoma fasihi. Bunduki ya risasi moja haina magazini. Unaifungua nyuma ya mtutu, unaweka risasi, unafunga, unapiga, unafungua tena unatoa ganda, unaanza upya. Imekaa katikati ya gobore, ambalo baruti unalishindilia mdomoni, na hizi bunduki za magazini tunazozijua leo. Kimtambo, swali ni moja tu, lakini gumu balaa: nyuma ya mtutu utaifungaje ili moto wa baruti usimrudie mpigaji usoni, na wakati huohuo mtu aweze kuifungua kwa mkono mmoja, vidole vimekufa ganzi kwa baridi? Kati ya miaka ya 1850 na 1880 kila karakana ilikuwa na jibu lake. Hapo ndipo utamu ulipo.

Mchukue Edward Maynard. Huyu alikuwa DAKTARI WA MENO pale Washington, siyo utani. Mwaka 1851 akapata hataza ya bunduki ambayo mtutu wake unainama mbele, na ganda lake la shaba lina kitundu kidogo kwenye kitako. Fataki inalipukia nje, moto unapita kwenye kitundu unawasha baruti. Ganda haliharibiki, unalijaza tena na tena. Mtu anayeshinda anachungulia vinywani mwa watu ndiye aliyewaza hivyo!

Au Frank Wesson wa mji wa Worcester, Massachusetts. Kaka yake Daniel ndiye yule wa Smith & Wesson, jina ambalo hata watoto wa sinema wanalijua. Frank alibaki na karakana yake, akatengeneza bunduki yenye vifyatulio viwili: wa mbele unafungua mtutu, wa nyuma ndio unaopiga. Rahisi hivyo. Leo ukimtaja Wesson, nani anamkumbuka Frank?

Halafu kuna Ballard, hii ndiyo kipenzi changu. Charles Ballard, huyohuyo wa Worcester, alipata hataza mwezi Novemba 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimeshaanza. Watengenezaji wa kwanza ni Ball & Williams, na nyingi zikaenda kwa askari wa Kentucky, ndiyo maana zimepigwa muhuri wa jina la jimbo hilo. Wakati ule risasi za kiwandani zilikuwa adimu, basi baadhi ya Ballard zikawekewa na kichungu cha fataki: risasi zikiisha, unatumia baruti na fataki kama gobore. Mwanafunzi wa uhandisi akileta wazo la namna hiyo kwenye projekti ya mwaka wa nne, mimi binafsi nampa A. Baada ya vita karakana ikabadilika jina, ikahamia Newburyport chini ya Merrimack Arms, ikaja Brown Manufacturing, wote wakashindwa, mpaka mwaka 1875 John Marlin alipoanza kuitengeneza kule New Haven akaendelea nayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kila aliyeishika aliacha alama yake kwenye chuma. Ukiziweka tano mezani kwa mpangilio, unasoma historia ya madeni ya watu bila kufungua kitabu.

Sasa nije kwenye hoja, kabla mhariri wangu wa kujitegemea (yaani usingizi) hajanikata.

Wakusanyaji wengi wanakusanya JINA, bunduki wameisahau. Na jina kubwa kuliko yote ni Winchester. Haya, sikilizeni habari ya ile Winchester ya risasi moja ya mwaka 1885. Aliyeibuni hakuwa Winchester. Ni kijana mmoja wa Ogden, Utah, anaitwa John Browning, mtoto wa fundi bunduki. Hataza yake ilitoka tarehe 7 Oktoba 1879, ana miaka 24, umri wetu huu tunaogombania rimoti ya televisheni ya kantini. Unavuta wenzo chini, kizibo cha chuma kinateremka wimawima, na nyundo inateremka nacho. Unasukuma risasi, unarudisha wenzo, imefunga kama kaburi. Yeye na ndugu zake walitengeneza kama 600 katika karakana yao. Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ikamtuma mkubwa wake mmoja, T. G. Bennett, akasafiri mpaka Ogden, akanunua haki zote kwa dola 8,000. Kisha kiwanda kikatoa takriban 140,000. Jina la Browning halikuwekwa. Kilichobaki kwenye chuma ni tarehe tu ya hataza, iliyopigwa kwa herufi ndogo.

Sisemi Browning alidhulumiwa. Alisaini mwenyewe, na alikuja kufanya kazi na kampuni hiyo miaka mingi. Ninachosema ni kwamba zile 600 za Ogden na zile 140,000 za kiwandani ni vitu viwili tofauti kabisa, na anayezisugua zote kwa msasa uleule hajui alichonunua.

Kwa nini? Hapa ndipo wengi wanaponiacha njiani, naombeni mnisikilize. Kiwanda kikubwa kiliacha madaftari. Ukiwa na Winchester ya zamani, unaweza kuandika barua kwa makumbusho ya Cody, Wyoming, ukalipa, wakafungua daftari wakakuambia bunduki namba fulani ilitoka ghalani tarehe fulani, ikiwa na mtutu wa urefu fulani. Kwa hiyo hata mpumbavu akiipiga msasa, habari zake nyingine zipo kwenye karatasi. Karakana ndogo nyingi hazikuacha daftari la namna hiyo. Fundi wawili watatu, vijana wa kazi, deni dukani kwa muuza chuma, moto ukiingia vyote vinaungua. Bunduki YENYEWE ndiyo daftari. Alama ya tupa ndani ya mtambo, namba iliyopigwa mara mbili kwa sababu ya kwanza ilienda upande, parafujo isiyofanana na wenzake, hayo ndiyo maandishi. Ukisugua, umechana ukurasa, na nakala haipo popote.

Wanaonibishia hawajawahi kukaa wokshopu. Sisi wa mwaka wa kwanza tulipewa kipande cha chuma na tupa, tukaambiwa tukifanye kiwe na pembe sawasawa. Wiki nzima! Mikono ikachubuka. Lakini mpaka leo nikiletewa vile vipande kumi mezani, nitakwambia hiki ni cha fulani, anabonyeza sana mkono wa kulia, na hiki ni cha binti yule wa Mbeya, anavuta tupa kimshazari. Tupa ni mwandiko. Na katika bunduki za karakana ndogo vipande havikuwa vya kubadilishana: kizibo cha hii hakiingii kwenye ile, kila kimoja kimepatanishwa kwa mkono na mwili wake, ndiyo maana mafundi walivipiga namba moja vyote visije vikapotezana. Ukiikuta bunduki ambayo namba ya kizibo na ya mwili zinalingana, umekutana na siku moja ya kazi ya mtu aliyekufa zamani.

Halafu anakuja mheshimiwa na gurudumu la kung'arishia.

Mnajua kinachotokea? Kona kali za chuma zinakuwa za mviringo. Matundu ya parafujo yanachimbika kama visahani. Maandishi yanafifia, herufi zenye mikia mirefu zinabaki vichwa. Rangi ya zamani ya chuma, ile ya kahawia iliyoiva kwa miaka 140, inaondoka, inapakwa nyeusi mpya inayometa kama kiatu cha askari wa gwaride. Kitako chenye makovu kinapigwa vanishi. Mwisho mnada unaandika "imerudishwa katika hali ya awali". Awali ipi? Hiyo hali haikuwahi kuwepo siku hata moja ya maisha yake!

Wengine walifanya mabaya zaidi. Katikati ya karne iliyopita kulikuwa na mtindo Marekani wa kuchukua mitambo ya zamani, hasa hiyo ya Browning kwa sababu ni imara, wanang'oa mtutu wa asili wanatupa, wanaweka mpya wa risasi ndogo za kasi za kuulia wanyama wasumbufu mashambani. Sawa, waliotaka kuwinda waliwinda. Lakini mtutu ndio ulikuwa na anwani ya fundi! Wamebaki na mwili usio na kichwa, na leo wajukuu zao wanatafuta mitutu ya zamani kwa bei ya kukufuru. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktaba mpaka mhudumu akanitolea macho.

Tena jina likishakuwa ndiyo pesa, tegemea na jina kughushiwa. Muhuri wa herufi ni kitu cha kuchonga wiki moja. Bunduki iliyosuguliwa ndiyo rafiki mkubwa wa mghushi, kwa sababu juu ya chuma kilicholainishwa muhuri mpya haupigani na makovu ya zamani. Kwa hiyo hawa wanaosugua wanajiharibia hata soko lao wenyewe, na bado wanajiita wataalamu.

Nitajibiwa: kutu je? Kwani tuache zioze? Hapana jamani, msinilishe maneno. Kuzuia kutu ni mafuta laini, kitambaa, chumba kikavu, na uvumilivu. Hakuna tupa hapo. Na kama mtu kaokota chuma cha kwenye tope, hakina namba, hakina muhuri, kitako kimeliwa na mchwa, basi akifanyie mazoezi anavyotaka, hata mimi nitamshikia taa. Nazungumzia zile zinazosomeka.

Kuna mwingine hapa bwenini alinijibu kwa hoja nzito zaidi, na yeye namheshimu. Akasema: "Kaka, hivyo ni vyombo vya kuulia. Unalilia mwandiko wa tupa, hulilii waliouawa?" Hiyo siikwepi. Bunduki za Sharps za risasi moja ndizo zilizotumika sana miaka ya 1870 kuwamaliza nyati wa nyanda za Marekani mpaka wakabaki wa kuhesabika, na nyati wakiisha, wenyeji waliowategemea walikuwa wanaishaje? Na Martini-Henry iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871 mnajua ilipita wapi: Zululand 1879, Sudan, na kwingineko barani. Sasa niambieni, ushahidi wa mauaji unausafisha kwa msasa? Unauwekea vanishi? Yule anayesugua ndiye anayetaka bunduki iwe pambo la sebuleni lisilo na damu. Mimi nataka ibaki na kila kovu.

Tena siyo mafundi tu walioandika juu yake, waliozitumia nao waliandika. Wenyeji wa Marekani walipigilia misumari ya shaba kwenye vitako, na kitako kikipasuka walikifunga kwa ngozi mbichi ikakauka ikakaza kama chuma. Na hii Martini nayo, ndugu zetu wa Oman wanaijua vizuri, wengine wenye damu ya Unguja na Pemba. Mwanzoni mwa karne ya 20 Maskati ilikuwa soko kubwa la silaha katika bahari yetu hii, na Martini kibao zikabaki huko. Mpaka leo mzee anaweza kwenda nayo harusini, mtutu umefungwa pete za fedha. Sasa mkusanyaji akizing'oa zile pete ili bunduki "irudi kama ilivyotoka kiwandani", nani kaharibu? Mwarabu aliyeipamba miaka 100 iliyopita, au huyu wa juzi?

Na tukiwa kwenye Martini, jina tena! Mtambo ule umetokana na wa Henry Peabody wa Boston, hataza ya 1862: kizibo kimefungwa bawaba nyuma, mbele kinashuka ukivuta wenzo. Friedrich von Martini, huko Uswisi, akaondoa nyundo ya nje akaweka pini ya ndani inayojitega yenyewe. Uboreshaji mzuri sana, sikatai. Waingereza wakaongeza mtutu wa Alexander Henry, fundi wa Edinburgh, wakaiita Martini-Henry. Peabody kapotelea hapo. Waturuki angalau walipoagiza zao 600,000 kule Providence ziliitwa Peabody-Martini. Kampuni iliyozitengeneza ilikuja kuelemewa na madeni, na karakana ikaishia kwenye cherehani. Cherehani! Huo ndio uhandisi wenyewe wandugu, leo bunduki, kesho mashine ya kushonea shuka.

Lakini mfano unaoniuma zaidi uko hapa nyumbani. Nani kati yenu hajui jina Selous? Mwindaji wa Kiingereza, aliuawa Januari 1917 kule Beho Beho katika vita vya kwanza vya dunia, akazikwa hukohuko, na pori zima la akiba likapewa jina lake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ikamegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi limo humo. Bunduki mojawapo iliyomjengea sifa kusini mwa Afrika ni ya risasi moja, mtambo wa John Farquharson, Mskoti, hataza ya 1872, ikatengenezwa na George Gibbs wa Bristol. Hazikufika hata elfu moja hizo za Gibbs. Mwaka 1967 Wamarekani wa Ruger walitoa bunduki mpya ya risasi moja, na wenyewe wanasema waliitazama ile ya Farquharson. Yaani mpigaji kapewa pori kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya, na mbunifu kabaki jina dogo kwenye chuma ambalo mtu na msasa wake anaweza kulifuta Jumamosi moja baada ya chai.

Mtauliza, kwani risasi moja ilikuwa na maana gani wakati za magazini zilishakuwepo? Shabaha. Mwaka 1874 pale Creedmoor, karibu na New York, Wamarekani walishindana na Waayalandi kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waayalandi walikuja na za Rigby, za kushindilia mdomoni. Wamarekani walitumia za kufungua nyuma, Sharps na Remington. Matokeo 934 kwa 931. Na Muayalandi mmoja alipiga katikati kabisa ya shabaha... ya jirani, akapata sifuri. Pointi nne zimeenda hivyo. Niliposimulia hii wokshopu hata fundi mkuu alicheka, na yule huwa hacheki mpaka mshahara uingie.

Kwa hiyo, wewe mwenye hela zako, uliyepata Ballard ya Ball & Williams ina kutu kidogo na muhuri wa Kentucky unasomeka kwa taabu, ipake mafuta, ifute kwa kitambaa, uandike mahali ulipoipata na kwa nani, basi. Tupa tuachie sisi. Ziko nne tu kwa wanafunzi thelathini na mbili, na Jumatatu saa mbili asubuhi zamu ni ya kikundi chetu.